Kikao cha Saa Kumi kwa Papa Kasongo

Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua imetishia bila kunyesha, na mimi nina hasira nzuri.

Nimesema nzuri kwa makusudi. Hasira ya wiki iliyopita ilikuwa mbaya, ilinikosesha hata chakula. Ya leo imenipa njaa. Nimemaliza sahani ya ugali na ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, peke yangu, na mama yangu mzazi, ambaye ninaishi naye, ananitazama kutoka mlango wa jiko huku akijifanya anachagua mchele.

Ninyi mnaopita kusoma hapa mnanijua kama msusi. Nimewaandikia kuhusu vichwa vigumu na vichwa laini, kuhusu bibi harusi aliyelala kwenye kiti changu akaamka amesukwa, kuhusu vumbi la kiangazi linaloingia kwenye meshi, zile nywele za bandia, na kukataa kutoka. Miezi mitano nimekuwa nikiwaandikia huku nimewaficha jambo moja. Leo nalisema, kwa sababu nusu ya mtaa wameshalisikia, na si haki wao walijue kuliko ninyi.

Nina kifua kikuu.

Si kile cha kawaida. Ni kile sugu, ambacho dawa za kwanza hazikukiweza, kikahitaji dawa nyingine kwa miezi tisa. Niko mwezi wa tano. Kila asubuhi nameza vidonge vinavyojaa kiganja. Vimenifanya mweusi kuliko nilivyozaliwa, hadi wateja wakauliza kama siku hizi nashinda ziwani, nami nikawajibu kwamba ni jua. Nyayo zangu zina ganzi. Kuna asubuhi ambazo harufu tu ya vidonge inanitoa mbio nyuma ya nyumba.

Miezi miwili ya mwanzo nilikaa chumbani kwangu, dirisha wazi, barakoa usoni, kwa sababu wakati ule ningeweza kumwambukiza mtu. Hilo nililifanya vizuri na sijilaumu. Kosa langu lilikuwa jingine. Mama Georgette, mwenye saluni ninakofanyia kazi, nilimwambia kwamba nakwenda Moba kumzika mjomba wangu.

Mjomba wangu yuko hai. Analima maharagwe kule milimani na ana meno yote.

Mama Georgette alilia kwenye simu. Alimfahamu mjomba, walikutana mara moja kwenye ubatizo na yule mzee akamchekesha siku nzima. Akamtaja kanisani katika sala za marehemu. Mimi nilirudi kazini baada ya vipimo viwili kuonyesha kwamba makohozi yangu hayana vijidudu tena, na daktari akaniandikia karatasi ya kuniruhusu. Siku hiyo wanawake wote wa saluni walinipokea kwa wimbo wa matanga. Nilikaa katikati yao nikalia. Wao walifikiri namlilia mjomba, kumbe nilikuwa najililia mimi na uongo wangu.

Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa.

Kwa hiyo watu pekee niliowaambia ukweli ni wale nisiowaona. Kituo chetu cha afya hakina mwanasaikolojia. Muuguzi anayenipa dawa aliniingiza kwenye kundi la simu la wagonjwa kama mimi, na kila Jumatano saa kumi mama mmoja mwanasaikolojia aliye Lubumbashi anatupigia wote pamoja. Tunamwita Mama Psi, kwa kifupi cha kazi yake. Ni sauti tu, hakuna picha, na majina hayatajwi. Kila mtu anaitwa kwa mahali pake. Kuna Manono, mama mpole anayetuombea hata tusipoomba kuombewa. Kuna Bendera, anayefanya kazi kwenye mtambo wa umeme, ambaye hukohoa kidogo kabla ya kusema, kwa mazoea tu. Kuna Kabalo, mpakiaji magunia kwenye stesheni ya treni, ambaye mke wake alirudi kwao wiki ile ile aliyoanza dawa. Mimi ni Kalemie.

Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu wenye muda. Mtu anaumwa mapafu, unamletea wa kupiga naye soga? Nilimwambia Mama Psi hivyo hivyo, siku ya kwanza. Akacheka. Akasema wengi wanaoacha dawa hawaachi kwa sababu ya mapafu, wanaacha kwa sababu ya watu. Kisha akatupa swali ambalo anatuuliza kila wiki mpaka leo: umefanya nini wiki hii ambacho ugonjwa haukutaka ufanye?

Majibu yangu yalikuwa madogo. Nimekula. Nimeoga maji baridi. Nimemsuka mwanamke rasta hadi kiunoni bila kuomba kupumzika. Niliyatoa nikiwa bafuni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu nyumbani kwetu ni pale tu penye mlango unaofunga vizuri, na nilinong'ona ili jirani asisikie. Miezi mitano juu ya ndoo. Lakini kila nilipotoka mle nilikuwa nimesimama wima kuliko nilivyoingia, na sasa najua kwamba bila ile ndoo ningekuwa nimeacha dawa mwezi wa pili.

Sasa Jumatano iliyopita.

Umeme ulikuwa umepotea mtaani kwetu siku ya tatu. Ikiwa hivyo, simu zetu zote zinakwenda kwa Papa Kasongo. Ana kibanda chenye paneli za jua juu ya bati, ubao mrefu wa kuchomekea chaja, na masikio yaliyochoshwa na mashine ya kusaga unga aliyoiendesha kabla ya kuanza kazi hii. Ana pia utaratibu wake. Kila simu inafungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa kupindapinda. Anaiwasha ikiwa kwenye chaji, ili mtu asikose habari ya msiba au ya mzigo. Ikiita, anaitika yeye, anamwambia mpigaji kwamba mwenyewe hayuko, kisha anaandika ujumbe kwenye daftari. Na kwa ajili ya yale masikio, kila simu anaiweka kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima tunajua na hatujawahi kulalamika. Kuna ndoa zilizopona kwa sababu ya daftari lile.

Nilimwachia simu asubuhi nikipanga kuichukua saa tisa, kabla ya kikao. Sikujua kwamba Mama Psi alikuwa na safari, akakisogeza kikao hadi saa nane. Aliandika kwenye kundi, lakini simu yangu ilikuwa imeisha chaji.

Saa nane ikaita. Papa Kasongo akaitika, akailaza mezani, akageuka kutafuta kalamu. Kibanda kilijaa watu, maana kukiwa na wingu paneli zinavuta polepole na foleni inakuwa ndefu. Na sauti ya Mama Psi, ile sauti yake tulivu inayonituliza hata mimi, ikasema mbele yao wote:

"Kalemie, karibu. Leo tunaanza na weye. Mwezi wa tano wa dawa za kifua kikuu, na kule saluni bado hawajue. Wiki hii imeenda je?"

Walionisimulia wanasema palikuwa kimya kiasi kwamba hata Papa Kasongo alikisikia. Akainamia simu na kupaza sauti, kama kawaida yake: "Alo! Mama Sifa hayuko. Simu yake iko kwenye chaji. Niandike nini?"

Basi. Jina langu likaingia kwenye kundi na ugonjwa wangu ukaingia mtaani, vyote kwa dakika moja, na hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya.

Nilipofika saa tisa foleni ikanipisha. Sijawahi kupishwa kwenye foleni ile. Papa Kasongo akafungua daftari akanisomea kwa sauti kubwa, kwa sababu ndogo hana: "Mama Sifa. Saa nane. Walipiga sababu ya kifua kikuu. Watarudia." Alikuwa ameandika vizuri sana, na kupiga mstari chini.

Nilimtukana. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilimtukana mtu mzima mbele ya watu, kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Hakuyasikia yote, lakini aliuona mdomo wangu, na uso wake ulishuka.

Kwenye foleni ile alikuwemo Chantal, mdogo wake Mama Georgette. Chantal hana roho mbaya, ila habari hailali kwake. Alhamisi asubuhi nilipofika saluni nilikikuta kiti changu nje, kimeegemezwa ukutani, kimeoshwa kwa Javel, dawa ya kuua vijidudu. Hapa kwetu harufu ya Javel hatuhitaji kufundishwa. Ni harufu ya miezi ya kipindupindu, ya ndoo za milangoni na vitanda vya wagonjwa. Vitana vyangu vilikuwa kwenye mfuko juu ya kiti, navyo vinanuka vilevile.

Mama Georgette alisimama mlangoni, akauziba.

"Mama Sifa, mi sina neno na weye," akasema. "Njo wateja. Muntu akisikia kifua kikuu, anakimbia."

Nikatoa karatasi ya daktari. Hakuipokea.

"Na mujomba?" akauliza.

Nikaikunja karatasi, nikairudisha mfukoni.

"Nililia muntu muzima, Mama Sifa. Nilimuombea. Iko wapi?"

Nikamwambia yuko Moba, analima maharagwe. Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningeweza kumchukia moja kwa moja, lakini aliufunga polepole, nikabaki nimesimama na kiti changu.

Nilikibeba kichwani hadi nyumbani. Miaka minane nimesukia watu juu ya kiti kile. Nilikinunua kwa seremala mmoja karibu na daraja la Lukuga, nikamwambia akikate miguu kidogo ili kichwa cha mteja kifike kwenye kifua changu bila mimi kuinama. Kimekatwa kwa kimo changu mimi. Msusi mwingine akikitumia atavunjika mgongo. Usiku nikamwandikia Mama Psi yaliyonipata.

Ijumaa sikumeza dawa asubuhi. Vidonge vilikaa kwenye sahani hadi mchana, na mimi nilikaa mbele yake nikivitazama. Nilikuwa nawaza: nimefuata kila kitu, nimejifungia, nimepimwa, nimemeza na kutapika na kumeza tena, na malipo yake ni kiti kilichooshwa kwa Javel. Basi kuna haja gani?

Wakati huo ikaingia sauti ya Kabalo kwenye kundi. Nimeisikiliza mara nyingi, naikumbuka yote.

"Kalemie, tulisikia. Na leo Mama Psi ametuambia umefukuzwa na kazi. Sasa kama weye, mwenye kumeza kila siku, wanakufukuza, mi nameza sababu ya nini? Bibi alisharudi kwao. Mi naacha. Njo mwisho."

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Nilikuwa nimekaa pale nikiwaza maneno yale yale, neno kwa neno, na yalikuwa yananionea huruma vizuri sana. Niliposikia yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine niliyaona yalivyo. Tena huyu anataka kufa kwa jina langu! Anaacha dawa, halafu kaburini kwake waandike ni kwa sababu ya Kalemie? Nilisimama. Nilizunguka ua mara tatu nikimfokea mtu aliye mbali nami, ambaye hata jina lake silijui.

Mama akatoka jikoni.

"Unakasirikia nani?" akauliza.

"Wote!"

"Hiyo dawa haikukufanya kitu. Meza kwanza, kisha ukasirike muzuri."

Nikameza. Vyote, kwa hasira, na maji nusu lita. Havikurudi. Tangu siku ile nimegundua kwamba vidonge vinashuka vizuri zaidi nikiwa nimekasirika, na nitamwambia daktari aliandike hilo.

Jumamosi nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimwandikia Mama Georgette: nilikudanganya kuhusu mjomba, nisamehe, ulinililia kwa moyo na mimi nilikuchezea. Nikaishia hapo, kisha nikaongeza mstari mmoja: sikuombi msamaha kwa kuugua. Nimekuwa nikiyafunga mambo haya mawili pamoja tangu mwanzo, uongo wangu na ugonjwa wangu, kana kwamba yote ni aibu moja. Si moja. Uongo niliufanya mimi. Ugonjwa nilipewa na pumzi ya mtu ambaye pengine naye hakujua. Ameusoma ujumbe, alama zinaonyesha. Hajajibu.

La pili, nilikwenda kwa Papa Kasongo. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya msamaha, nikaanza kuisema, akanikatiza.

"Mi nilitafuta tu kalamu," akasema. Alisema mara mbili. Siku tatu alikuwa hajalala vizuri, mke wake aliniambia baadaye. "Mama Sifa, mi nilitafuta tu kalamu."

Pale ndipo wazo lilinijia. Kama aibu imetoka kwenye kipaza sauti cha kibanda hiki, basi na jibu litoke hapo hapo.

Mama Psi hakulipenda. Alinipigia Jumatatu, akaomba radhi tena, amekuwa akiomba radhi kila siku. Siku hizi haanzi kusema mpaka umjibu wewe mwenyewe kwa sauti yako. Akasema hakuna mtu mwenye haki ya kunidai nijieleze, wala foleni, wala saluni. Nikamwambia najua, na ndiyo maana nataka. Akauliza nakwenda pale kwa hasira au kwa nguvu. Nikamjibu kwamba kwangu mimi hivyo vinapikwa sufuria moja. Akaweka sharti: wenzangu wasisikike. Wao wataandika tu, na tutakaozungumza ni mimi na yeye. Manono na Bendera wakakubali. Manono akaniombea. Kabalo hakuandika chochote.

Leo basi. Saa tisa na nusu nilikiweka kiti kichwani, nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikapita katikati ya mtaa. Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Sikugeuza shingo, kwanza kwa kiburi, pili kwa sababu mwenye kiti kichwani hawezi kugeuza shingo.

Kwa Papa Kasongo foleni ilikuwa imefika barabarani, wingu tena. Nikateremsha kiti mbele ya ubao, nikakaa. Wawili walisogea nyuma. Mmoja akaziba pua kwa kitenge chake, nikamwambia aendelee, Javel inanuka kweli. Saa kumi simu ikaita. Papa Kasongo akaniangalia kwanza, nikatikisa kichwa kumkubalia, akabonyeza kipaza sauti mwenyewe.

"Uko muzuri?" Mama Psi akauliza.

"Niko, Mama. Ni mimi. Watu wako hapa, wanasikia."

"Basi nakuuliza swali letu. Umefanya nini wiki hii, chenye ugonjwa haukutaka ufanye?"

Nikasema jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Nikasema nina kifua kikuu sugu, mwezi wa tano, na kwamba sijakosa siku hata moja. Nikasema wiki hii nimetolewa kazini na nikameza. Nimechekwa na nikameza. Nikasema pia habari ya mjomba, yote, pamoja na maharagwe na meno, na hapo foleni ikaangua kicheko ambacho sikukitegemea, hata aliyeziba pua akaachia kitenge.

Kicheko kilipokwisha, sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Chantal mwenyewe, na simu yake mkononi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Sifa, usikasirike. Unaambukiza bado?"

Hilo ndilo swali. Miezi mitatu nimezunguka na karatasi yenye jibu lake, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu sikumpa mtu nafasi. Nikaitoa ili niisome. Papa Kasongo akanyoosha mkono, akaichukua. Akavaa miwani. Akasoma, na mnaijua sauti yake.

"Makohozi, kipimo cha kwanza: hakuna vijidudu! Kipimo cha pili: hakuna vijidudu! Anaruhusiwa kazi!" Akaigeuza aone kama nyuma kuna kitu, hakukuwa, akasoma ya mbele tena. Nafikiri hata wavuvi wamesikia.

Mwanamke mmoja ambaye simjui akauliza, karibu na simu, kuhusu mume wake anayekohoa tangu mwezi uliopita na kutoka jasho akilala. Mama Psi akamwambia aende naye kituo cha afya kesho asubuhi, wasingoje, vipimo vipo. Yule mama akafunga maneno yale kichwani kwa kuyarudia mara mbili, akaondoka na simu yake ikiwa na chaji kidogo tu.

Tulikuwa tunamaliza. Mama Psi ameshaanza kuaga. Ndipo simu ikakwaruza, na sauti ya mwanaume ikaingia, ile ambayo haikutakiwa kusikika.

"Mi naitwa Ilunga," akasema. "Niko hapa Kabalo. Siku tano sikumeza. Vidonge viko mukononi. Mama Sifa, usikate simu. Ngoja."

Tukangoja. Foleni nzima ya Papa Kasongo, watu ambao wiki jana walinipisha kwa hofu, wameinama juu ya simu yangu. Tukasikia kikombe. Tukasikia akimeza, mara ya kwanza, mara ya pili, akakohoa, tukashika pumzi, akameza tena. Sijawahi kusikiliza koo la mtu kwa moyo namna ile.

"Vimeenda," Ilunga akasema.

Mtu akapiga makofi. Sikumwona ni nani, macho yangu yalikuwa yamejaa. Mama Psi, sauti yake ikiwa si tulivu hata kidogo, akamwambia kesho asubuhi aende kwa muuguzi aseme siku zote tano alizokosa, asifiche hata moja. Akaahidi.

Hapana, hakuna mteja aliyekaa kwenye kiti changu leo. Nawaambia ili msidhani. Niliinuka, nikakiachia nafasi, wakakitazama, hakuna aliyekaa. Chantal alikuwa wa kwanza kuondoka, kwa haraka, kuelekea saluni kwa dada yake. Safari hii namtegemea kabisa. Abebe yote, asiangushe neno.

Nilipotaka kukibeba kiti nirudi nacho, Papa Kasongo akaniambia nikiache hapo hapo, chini ya bati lake, upande wenye kivuli, ambako watu hukaa kungojea simu zao bila kazi yoyote. Akachukua kikaratasi na kalamu. Akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa kupindapinda, akakifunga kwenye mguu wa kiti kama anavyofunga kwenye kila simu ya mtu anayemtarajia kurudi.

Mama Sifa, kimeandikwa. Na mstari chini.

Kesho saa mbili asubuhi, baada ya vidonge, nitakuwa nimesimama nyuma yake na vitana vyangu. Anayetaka kusukwa aje akae. Anayeogopa apite upande ule mwingine wa barabara, ni pana, na atanikuta hapo tena keshokutwa.